Ganja & Hess: filme ya wanyonya damu ambayo watazamaji hawajamaliza kuibishania

Tarehe 20 mwezi wa ine 1973, katika sale moja ya sinema mjini New York, watu walilipa tiketi ili waone filme ya kuogopesha ya watu weusi. Walifikiri wanajua kile watakachoona: jeneza, meno marefu, mwanaume wa koti jeusi, wanawake wanaopiga kelele usiku. Walichoonyeshwa ni daktari wa chuo kikuu, mwenye ndevu na suti nzuri, anayekaa katika nyumba kubwa ya kitajiri na ambaye hana hata jino moja linalozidi mengine urefu. Neno lenyewe «vampiri» halikutamkwa toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha juma moja hivi, filme iliondolewa.

Zaidi ya miaka 50 imepita. Filme hiyo, Ganja & Hess ya Mmarekani mweusi Bill Gunn, leo inafundishwa katika vyuo vikuu, imesafishwa na kuuzwa upya, na nakala yake imelindwa katika jumba kubwa la sanaa la New York, MoMA. Lakini ubishi haujaisha. Watu wawili wakiitazama pamoja, mmoja atasema alisinzia, mwingine atasema hajaona kitu kama hicho. Na mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Kwa kuelewa sababu ya ubishi huo, lazima kurudi mwaka mmoja nyuma. Katika 1972, filme Blacula ilikuwa imeleta pesa nyingi. Ilisimulia habari ya Mamuwalde, mwana wa mfalme wa Afrika, anayesafiri katika 1780 mpaka kwa Dracula kumuomba asaidie kukomesha biashara ya watumwa, na Dracula anamuuma badala ya kumsaidia. Wafanyabiashara wa sinema waliona njia imefunguka. Kampuni ndogo, Kelly-Jordan Enterprises, ilimpa Bill Gunn dola 350.000 na kazi iliyo wazi kabisa: tengeneza vampiri mweusi mwingine.

Gunn alikuwa mwandikaji wa michezo ya kuigiza, mchezaji, na tayari alikuwa ameandika filme The Landlord iliyotoka 1970. Alikuwa pia ameongoza filme moja, Stop, kwa ajili ya kampuni kubwa Warner Bros., ambayo iliifungia kabatini bila kuitoa. Rafiki zake walijua kwamba filme ya vampiri mweusi ndiyo kitu cha mwisho alichotaka kufanya. Alikubali hata vile. Alichukua pesa, akaweka kando jeneza na meno, akabakiza damu tu. Kiu ya damu aliifanya iwe mfano wa mtu aliyefungwa na kitu ambacho hawezi kukiacha: pombe, dawa za kulevya, na hata mapenzi na mali.

Dola 350.000 hazikuwa nyingi kwa filme ya Marekani, hata wakati ule. Filme ilipigwa kwa kamera ya Super 16, ile ndogo, na kisha picha zikapanuliwa kwa ajili ya sale za sinema. Nyumba ya tajiri ilipatikana upande wa Croton-on-Hudson, kaskazini ya New York, na sehemu nyingine ilipigwa katika jumba la makumbusho la Brooklyn. Gunn mwenyewe alicheza mmoja wa watu wakubwa wa hadithi. Sam Waymon, ndugu ya mwimbaji Nina Simone, alitunga muziki, akacheza pasta, na pasta huyo ndiye pia shofere wa tajiri. Yeyote aliyewahi kutengeneza filme Goma ao Bukavu ataelewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Daktari Hess Green, mtaalamu wa mambo ya kale, anachezwa na Duane Jones, yule yule aliyejulikana kwa Night of the Living Dead ya 1968. Anafanya utafiti juu ya Myrthia, ufalme wa zamani wa Afrika ambao Gunn aliubuni. Anapokea msaidizi mpya nyumbani, George Meda, mtu mwenye akili lakini aliyevunjika moyo. Usiku mmoja Hess anamkuta juu ya mti, amelewa, kamba iko pembeni, anataka kujinyonga. Hess anamuomba ashuke, na sababu anayotoa si huruma: yeye ndiye mtu mweusi peke yake katika mtaa ule, na polisi wakikuta maiti ya mweusi katika uwanja wake, watamjia yeye. Watazamaji wengi wanacheka hapo. Kisha wanajiuliza kwa nini wamecheka.

Usiku mwingine Meda anamchoma Hess kwa kisu cha kale cha Myrthia, mara tatu, kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kisha anajipiga risasi. Hess anaamka mzima, bila kidonda. Anakuta damu ya Meda chini katika chumba cha kuogea, anapiga magoti, anailamba.

Toka hapo Hess hawezi kufa, na hawezi kukaa bila damu. Anaiba damu iliyofungwa katika mifuko kwa mganga. Ikiisha, anashuka katika mitaa ya maskini, kwa wanawake wanaouza miili yao. Ndipo anafika Ganja, mke wa Meda, akimtafuta bwana wake. Ganja, anayechezwa na Marlene Clark, ni mzuri, ana kiburi, anamuamrisha boyi wa nyumba kama vile nyumba ni yake. Baada ya siku chache inakuwa kweli yake. Anakuta maiti ya bwana wake imegandishwa katika frigo, analia, anakasirika, na kisha anaolewa na Hess. Hess anamfanya awe kama yeye, asiyekufa.

Magazeti makubwa ya New York hayakupenda. Waandishi waliona filme imechanganyikiwa, haina mwanzo wala mwisho, haiogopeshi. Gunn alijibu. Mwezi wa tano 1973 gazeti New York Times lilichapisha barua yake, na mpaka leo inasomwa kuliko makala ya wale waliomkosoa. Alilalamika kwamba mmoja wa waandishi alitoka katika sale baada ya dakika kama 20 tu, na hata vile akaandika hukumu juu ya filme nzima. Alilalamika pia kwamba Marlene Clark, mchezaji wa kazi kubwa hivi, alitajwa kwa rangi ya ngozi na uzuri wake tu. Shida yake kubwa ilikuwa hii: wazungu wachache wenye kalamu ndio wanaoamua ni kazi gani ya mtu mweusi itaishi na ipi itakufa.

Mtu anaweza kusema kila msanii aliyekosolewa anaandika barua ya namna hiyo. Lakini mwezi ule ule wa tano, filme ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, katika Juma la Wachambuzi, sehemu ya tamasha inayochagua filme chache tu za watengenezaji wapya, na watazamaji wa kule waliipokea kwa makofi. Kule New York kwenyewe, gazeti la watu weusi Amsterdam News liliisifu pia. Kwa hiyo haikuwa filme iliyokosa watu wa kuielewa. Ilikuwa filme iliyokosa watu wa kuielewa mahali pesa zilipokuwa.

Na pesa ndizo zilizoamua. Kelly-Jordan iliuza filme kwa kampuni nyingine, Heritage Enterprises. Huyo mnunuzi alikuwa amelipia vampiri na alitaka vampiri. Alimpa fundi mwingine mkasi. Filme ya karibu dakika 110 ikashuka mpaka 78 hivi. Maneno marefu ya watu wawili mezani yaliondolewa, ndoto ziliondolewa, vipande ambavyo Gunn alikuwa amevitupa vikarudishwa, na hadithi ikanyooshwa ili iende mbio. Kazi hiyo mpya ikaitwa Blood Couple. Gunn alikataa jina lake liwekwe juu yake. Kisha ikazunguka kwa miaka mingi chini ya majina mengi: Double Possession, Black Evil, Black Vampire, hata Vampires of Harlem, ingawa Harlem haina kazi kubwa ndani yake. Wengi waliokodi kaseti hiyo miaka ya 1980 waliona filme mbovu ya bei rahisi, na walikuwa na haki. Hawakujua kwamba hiyo haikuwa filme ya Gunn.

Kilichookoa kazi ya kwanza ni nakala moja iliyokuwa imewekwa MoMA. Jumba hilo liliendelea kuionyesha mara kwa mara, sale ndogo kwa sale ndogo, na sifa yake ikapita kwa mdomo, mtu akimwambia mwenzake kwamba iko nyingine, ndefu zaidi, nzuri zaidi. Katika 1998 ilitoka katika DVD. Baadaye MoMA ilisaidia kuisafisha upya, na kampuni Kino Lorber ikaitoa tena 2012, kisha 2018 katika sale za sinema.

Hapo ndipo ubishi wa leo ulipoanza, kwa sababu sasa watu wanaongea juu ya filme moja.

Lawama ya kwanza haijabadilika toka 1973: inaenda pole pole. Ni kweli. Kuna dakika nyingi ambamo hakuna kinachotokea, ila mtu kutembea katika majani ao kukaa kitandani akiangalia dirisha. Sauti ni mbaya mahali pengine, maneno yanapotea, na picha za usiku ni giza tupu. Anayetafuta kuruka kwa woga atakata tamaa. Wanaoitetea wanasema giza na ukimya ni sehemu ya kazi, lakini si lazima kuwakubalia kila kitu: mengine ni ukosefu wa pesa tu, na hakuna aibu kulisema.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, na inagusa moja kwa moja msomaji wa Afrika. Katika filme hii ugonjwa unatoka Afrika. Kisu ni cha Afrika, malkia anayemuita Hess katika ndoto, amevaa manyoya, ni wa Afrika, na kila mara kiu inapomshika, masikio yake yanasikia wimbo wa Kiafrika ukipanda. Watazamaji wengine wanauliza: kwa nini hata mtu mweusi, akitaka kuonyesha laana, anaitafuta kwa mababu? Hollywood ilifanya hivyo kwa miaka mingi na vinyago na ngoma.

Wengine wanajibu kwamba waulizaji hawakuangalia vizuri. Hess haugui kwa sababu ya Afrika. Anaugua kwa sababu anaishi kama mzungu tajiri, na boyi, na gari kubwa, na mtoto wa shule ya bei anayeongea naye Kifaransa, na Afrika kwake ni vitu vya kuwekwa katika sanduku la kioo. Kisu kilikuwa katika nyumba yake kama pambo. Kwa maana hiyo wimbo unaopanda kichwani mwake si laana. Ni deni. Filme haisemi waziwazi nani ana haki, na pengine Gunn mwenyewe hakutaka kulimaliza neno hilo.

Iko jambo moja ambalo watazamaji wa Amerika hawalitaji sana, lakini ambalo mtu wa Katanga angeliona haraka. Damu ambayo Hess anakunywa ni ya nani? Si ya majirani zake matajiri. Ni ya watu weusi maskini, wale ambao wakipotea hakuna atakayeandika. Katika Kongo ya wakati wa Wabeleji, watu wa Katanga walisimuliana juu ya batumbula, watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwapeleka kwa wazungu. Pwani ya Afrika ya mashariki habari kama hizo ziliitwa za mumiani. Mwanahistoria Luise White alizikusanya katika kitabu Speaking with Vampires, kilichotoka 2000, kikigusa Kenya, Uganda, Zambia ya leo na Kongo. Yeye hakuzichukua kama ujinga wa watu wasiosoma. Alizisoma kama namna ambavyo watu walieleza kazi, mshahara, hospitali na nguvu ya serikali iliyokuwa inawakamua. Bill Gunn, kule New York, hakuhitaji kusikia habari za batumbula ili afike mahali pale pale: mnyonya damu wake ana shahada, ana pesa, na anajua kuomba radhi.

Mtu ambaye karibu kila mtu anamkubali ni Ganja. Hata waliochoka na filme wanarudi kwa Marlene Clark. Kuna wakati anakaa na kusimulia habari ya utoto wake, siku moja ya theluji, jinsi mama yake alimuhukumu bure, na jinsi toka siku ile aliamua kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemtunza Ganja, kwa sababu hakuna mwingine. Kamera haimuachi. Hakuna damu, hakuna muziki. Kisha maneno yale, mtazamaji anaelewa kwa nini mwanamke huyu hatakimbia maiti ya bwana wake katika frigo, na anaelewa pia mwisho wa filme. Katika filme nyingi za vampiri za miaka ile, mwanamke ni shingo tu. Hapa yeye ndiye anayebaki.

Na mwisho huo ndio unaogawa watu zaidi. Hess anachoka kuishi. Anaenda katika kanisa la shofere wake, pasta Luther Williams. Ibada ni ndefu, watu wanaimba, wanapiga makofi, wanatoka jasho, na inaonekana kama ibada ya kweli kuliko mchezo. Hess anapita mbele, analia, anawekewa mikono. Kisha anarudi nyumbani, anasimama katika kivuli cha msalaba, na hapo ndipo anakufa. Anamuomba Ganja wafe pamoja. Ganja anakataa. Anabaki na nyumba, na mali, na kiu, na katika picha za mwisho kijana mmoja ambaye walikuwa wamemuua anatoka majini, uchi, akimkimbilia.

Kwa watazamaji wa kanisani, habari ni wazi: mtu alifungwa, Yesu akamfungua. Wanaona pasta kuwa ndiye mwenye kusimulia hadithi toka mwanzo, na wanasema si bure. Kwa wengine ni kinyume: msalaba haumponyi Hess, unamuua, na yule aliyekataa msalaba ndiye anayeishi. Wako pia wanaosema Gunn alionyesha mtu mweusi aliyevutwa na kamba mbili, mababu upande huu na kanisa upande ule, na kwamba kamba zote mbili zilikaza shingo. Anayejua makanisa ya uamsho ya Bukavu, Goma ao Uvira, mahali vijana wanaletwa mbele ili wafunguliwe na pepo za ukoo, hatahitaji maelezo mengi kuelewa kwa nini sehemu hiyo inachoma.

Spike Lee aliipenda filme hii kiasi cha kuitengeneza upya. Katika 2013 aliomba pesa kwa watu wa kawaida kupitia intaneti, akakusanya zaidi ya dola milioni 1,4, na 2014 akatoa Da Sweet Blood of Jesus, akiandika jina la Bill Gunn pamoja na lake kama waandikaji. Mahali pengi alifuata ya kwanza neno kwa neno. Picha zake ni safi, sauti inasikika, na wengi wa walioziona zote mbili wanasema kitu fulani kimepotea. Pengine ni lile giza.

Kisha, mwezi wa ine 2025, ikaja Sinners ya Ryan Coogler: wanyonya damu tena, watu weusi tena, kanisa na muziki tena, lakini kwa bajeti ya karibu dola milioni 90, na mapato yaliyopita milioni 350 duniani. Iliwafanya vijana wengi watafute filme ya Gunn kwa mara ya kwanza. Lililozungumziwa sana kabla ya filme kutoka ni mkataba wa Coogler: yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kukata filme, na baada ya miaka 25 filme itarudi kuwa mali yake. Watu wa biashara ya sinema walishtuka, wengine wakasema ni hatari. Kampuni iliyokubali kutia sahihi ni Warner Bros., ile iliyofungia Stop kabatini.

Bill Gunn hakuona lolote la hayo. Alikufa tarehe 5 mwezi wa ine 1989, siku moja mbele ya mchezo wake The Forbidden City kufunguliwa New York. Duane Jones alikuwa amekufa mwaka mmoja mbele yake.

Kwa anayetaka kuitafuta: Blood Couple bado inauzwa na kuzunguka, mara nyingine chini ya jina la Ganja & Hess. Jina haliwezi kusaidia. Aangalie dakika. Zikiwa 78, ni ya mkasi. Zikikaribia 110 ao kuzipita, ni ya Gunn, na hapo mtu anaweza kuanza kubishana.